Sajini Aliyekataa Kuamrisha

Katika miaka yote niliyomfahamu Sajini, sikumsikia hata mara moja akimwambia mtu aache pombe. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu watu waliomsikia kwa mbali, wale wa Diani na Ukunda waliokuwa wakiniuliza habari zake, walidhani kwamba mzee aliyestaafu jeshini, naye akawakusanya askari wenzake walevi kila asubuhi, lazima alikuwa akiwakemea. Walimwona akilini mwao akiwa na fimbo kwapani. Mimi mwenyewe nilipomwendea mara ya kwanza nilikuwa nikiitafuta hiyo fimbo. Nilikuwa na mdogo wangu Bakari, koplo aliyerudi kutoka vitani ng'ambo ya mpaka akiwa na viungo vyote na mikono inayotetemeka, na nilitaka mtu wa kumpigia kelele kwa lugha aliyoizoea.

Jina la mzee huyo silitaji. Lilikuwa jina zuri la mtume, lakini kijijini kwetu Waa hakuna aliyelitumia, si mkewe wala imamu wala watoto wa jirani. Mwenyewe aliniambia kwamba jina amelihifadhi kwa ajili ya siku ya talakini, wakati huo wa mtu kukumbushwa kaburini majibu ya maswali ya malaika, na kwamba hadi wakati huo cheo chamtosha.

Watu wake walikutana kwenye baraza ya kinu cha mahindi kilichokwisha kufungwa, hatua chache kutoka barabara ya Likoni kwenda Ukunda. Walifika saa kumi na mbili unusu asubuhi, wengi wao wakiwa bado wamevaa sare za kampuni za ulinzi, kwani askari aliyestaafu hapa kwetu huishia kulinda kitanda cha mgeni. Wamekesha kwenye malango ya majumba ya Diani, wameteremshwa na tuktuk, na kila mmoja anaijua kiu inayomngoja nyumbani. Hapo katikati ya zamu na kiu ndipo Sajini alipojiweka.

Na alijiweka na dumu. Hili ndilo lililowakasirisha watu. Mzee aliyesali alfajiri katika safu ya kwanza, ambaye ulimi wake haukuwahi kuonja tembo, alitoka msikitini, akapanda baiskeli hadi kwa mgema, akarudi na dumu la njano la mnazi limefungwa kwenye keria. Hakulifunika kwa gunia wala kwa kanga. Povu lilikuwa likitoka mdomoni mwa dumu na nzi walimfuata kama msafara. Akina mama waliokwenda kisimani walimpisha njia kama wanavyopisha jeneza.

Nilikuwapo siku imamu alipomsimamisha mbele ya watu.

"Sajini, wabeba haramu mchana kweupe."

"Naam, Maalim. Macho yangu ni mabovu, usiku sioni njia."

"Sifanyi mzaha nawe."

"Wala mimi. Hawa watakunywa leo, nikileta nisilete. Nikileta, watakunywa kata moja mbele yangu. Nisipoleta, watakunywa kumi nyuma ya mgongo wako. Nieleze, Maalim, ni ipi uliyo tayari kuisimamia mbele ya Mungu? Mimi yangu nimekwisha kuichagua."

Imamu alisema kwamba angemwombea. Sajini akamwambia aanze mara moja, maana dumu lilikuwa zito na kilima kilikuwa mbele. Hawakupatana, na sitaki kudai kwamba walipatana. Imamu aliamini hadi mwisho kwamba mzee alikuwa amekosea, naye mzee aliendelea kusali nyuma yake mara tano kwa siku, pengine kwa ukaidi.

Mgema naye alikuwa na malalamiko ya aina yake. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye nyayo ngumu kama gome, na alijivunia tembo lake kuliko watoto wake. Alipopata habari ya kinachofanyika barazani, alikuja mwenyewe kuhakikisha.

"Watu husema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," alisema, mikono kiunoni. "Mimi sijasifiwa na mtu, na maji wanitilia wewe!"

"Basi nakusifu," Sajini akamjibu. "Sasa tuko sawa."

Maji hayo ndiyo yaliyokuwa kazi yake yote. Kila mtu alikuwa na kibuyu chake, na ndani ya kila kibuyu Sajini alikuwa amekwaruza mstari kwa msumari. Tembo liliishia kwenye mstari. Juu yake yalijazwa maji ya kisima. Baada ya siku kadhaa mstari mwingine ulikwaruzwa chini ya ule wa kwanza, kwa upana wa ukucha. Mtu alikunywa kibuyu kilekile, kwa mrija uleule, ameketi pale pale, na kila baada ya siku kadhaa tembo lilikuwa limepungua kwa ukucha mmoja. Daktari wa zahanati, mwanamke kijana aliyepita hapo akienda kazini, aliwapima mapigo ya moyo na kuwatazama macho. Sajini alimtazama yeye. Daktari akikunja uso tu, mstari ulipandishwa tena bila ya mtu kuulizwa neno. Aliyekuwa tayari kulazwa Msambweni alisindikizwa Msambweni, na hilo daktari alilipenda zaidi. Kibuyu kilikuwa cha wale ambao hospitali waliikataa, ama kwa fahari, ama kwa kuogopa kwamba kampuni ingepata habari na sare ikavuliwa.

Kabla ya vibuyu yaliitwa majina. Sajini alisimama wima, viatu vikiwa vimeng'arishwa hadi unaweza kunyolea ndevu ndani yake, akayasoma kutoka kwenye daftari la shule. Aliyeitwa alijibu neno moja: "Nipo." Hakuulizwa jana alikuwa wapi, wala alikunywa nini, na nani. Niliwahi kumsikia mmoja akianza kujitetea, "Sajini, jana, wallahi, ilikuwa harusi ya shemeji…" Mzee akamkatiza: "Nimeuliza habari ya harusi? Nimeuliza kama upo." Wenzake wakacheka, naye akacheka, akajibu.

Jina moja halikujibiwa kamwe na mwenyewe. Lilikuwa la tatu kwenye daftari, jina la mtu waliyemwita Dereva. Sajini alilisoma, kisha akasema yeye mwenyewe, "Huyo ni juu yangu," na kupita. Nilidhani Dereva alikuwa mgonjwa mahali fulani. Sikuuliza. Nilikuwa na mgonjwa wangu.

Isidhaniwe kwamba namchora walii. Sajini alikuwa na majivuno ya mavazi yasiyomfaa mtu wa umri wake. Aliwadharau makarani wote wa serikali bila ubaguzi. Mkewe, bibi mpole aliyefuga kuku, alipata maneno laini machache zaidi kutoka kwake kuliko walevi, na siku moja alilisema hilo mbele yangu: "Ningalikuwa mlevi, mwanangu, ningaliulizwa kila asubuhi kama nipo." Mzee aliinamisha kichwa kama kuruta. Na yeye aliyesimamia ukombozi wa koo za watu alikuwa mtumwa wa tambuu yenye tumbaku. Kikopo cha bati hakikumtoka mfukoni. Alitema mate mekundu umbali ambao vijana wa mtaani walishindana kuukaribia. Nilipomwuliza kwa nini asiache, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kuacha ni kazi ngumu, Digrii. Hujui?"

Digrii ndilo jina alilonipa, kwa sababu nilisoma chuo kikuu na kufundisha shule ya upili huko Msambweni, na kwa sababu, kwa maneno yake, nilizungumza kama ninayesahihisha daftari la mtu.

Siku moja walikuja wageni kutoka Nairobi, wa shirika ambalo halina haja ya kutajwa. Walileta fulana zenye maandishi na mwaliko wa semina ya siku mbili katika hoteli ya Diani, chakula juu yao. Walitaka wanaume watatu au wanne wasimame mbele ya kamera waeleze walivyoanguka. Kijana aliyewaongoza alikuwa na adabu, na nadhani alikuwa na nia njema.

"Wazee, story zenu zitainspire watu," alisema.

Sajini aliitwaa fulana moja, akaisoma mbele na nyuma, akaikunja kwa ustadi wa kijeshi na kumrudishia.

"Hawa walipigwa picha walipokuwa wakienda vitani," alimwambia. "Bendera zilipeperushwa, wakubwa wakatabasamu, kila mtu akaitaka picha. Walipokuwa wakirudi, mmoja mmoja, wengine bila hata ya mkoba, hakuja mtu na kamera. Sasa wamekonda ndipo picha zatakikana?"

"Mzee, tunataka kuwasaidia."

"Ahlan wa sahlan. Kesho saa kumi na mbili unusu. Utawashikia vibuyu wale ambao mikono yao haitulii. Kamera iache hotelini."

Kijana hakuja. Lakini mmoja wa wenzake, msichana mnene mcheshi, alikuja, akashika vibuyu kwa siku tatu, akatapikiwa kiatu na hakulalamika. Sajini alimtaja kwa heshima tangu siku hiyo.

Sasa nifike kwenye ugomvi wetu, ambao bado unanichoma.

Bakari alikuwa ameitikia jina lake barazani kwa wiki saba. Mstari wa kibuyu chake ulikuwa umeshuka karibu nusu, na nyumbani alikuwa ameanza kula. Kisha akatoweka siku nne. Mimi ndiye niliyemlea baada ya mama yetu kufariki. Nilijua namna mbalimbali za kutoweka kwake, na hii sikuipenda. Nilimwendea Sajini alasiri, nikamkuta uani mwake akikarabati banda la kuku.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba, Digrii. Najua. Hata leo hakujibu."

"Basi mwamrishe. Mimi nimelia, nimetukana, nimemsomea vitabu. Wewe ukimwambia neno moja tu, 'acha,' ataacha. Anakusikia wewe peke yako."

"Ndiyo maana simwambii."

Nilikasirika hadi nikaisahau elimu yangu na malezi yangu pia. Nilimwambia kwamba mzee mzima anaogopa neno moja. Nilimwambia kwamba yeye ni mgema tu aliyevaa kofia ya jeshi, na kwamba ndugu yangu akifa, atakufa akiwa na tembo la msikitini tumboni. Mkewe alitoka jikoni, akasimama mlangoni. Sajini aliiweka nyundo chini. Akatoa kikopo chake, akakifungua, akakifunga tena bila kutia kitu kinywani.

"Kaa chini," alisema. "Nikueleze habari ya Dereva."

Alinieleza bila kuinua sauti, na nitajaribu kuyarudia maneno yake kama alivyoyasema.

"Alikuwa chini yangu miaka mingi. Nikisema endesha, aendesha. Nikisema simama juu ya bomu, yule mtu angalisimama. Akastaafu, akarudi hapa, akanywa. Nami nikastaafu, nikamkuta amelala mlangoni mwa mangwe, pale wanapouza mnazi. Aibu ilinipanda. Nikamwita kwa sauti ile ya uwanjani: mguu sawa! Akasimama, Digrii, mate kidevuni, akasimama. Nikamwambia, kuanzia sasa hivi hunywi tena, hiyo ni amri. Akapiga saluti. Akaenda nyumbani, akafunga mlango.

"Siku ya kwanza akatetemeka. Siku ya pili akaona watu ukutani. Mkewe akamhurumia, akamtafutia tembo kidogo, akamsihi. Dereva akamwambia, 'Siwezi, Sajini ameamuru.' Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, degedege ikamchukua, na haikumrudisha. Ni daktari huyu wa zahanati aliyenifunza baada ya mazishi kwamba mwili uliokunywa kila siku kwa miaka haukatwi kama kamba. Mimi nilikuwa sijui. Lakini sauti ile nilikuwa nayo, nikaitumia."

Kuku walikuwa wakiparura baina yetu. Akaendelea:

"Walevi wote hudanganya. Hukwambia ndiyo, kisha hunywa. Laiti Dereva angalinidanganya, leo angekuwa hapa akinitukana. Yeye alitii. Sasa wewe wataka nimpe Bakari amri. Bakari naye ni askari mzuri."

Miaka mingi nilikuwa nimefundisha watoto kwamba utiifu ni fadhila, na hakuna kitabu kilichoniambia kwamba mtu anaweza kufa kwa fadhila hiyo.

Tulimtafuta Bakari jioni ile ile, sisi na walinzi wanne ambao zamu zao zilikuwa hazijaanza. Tulimpata Ukunda katika nyumba isiyokwisha kujengwa, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, ameegemea tofali, suruali imelowa. Mimi nilitaka kumkumbatia na kumpiga makofi kwa pamoja. Sajini alinizuia kwa mkono, akaketi vumbini kando yake, yeye na viatu vyake vile.

"Bakari."

"Afande." Alijaribu kusimama.

"Keti. Hapa hakuna afande. Kesho nitaliita jina lako."

"Na nisipokuwapo?"

"Nitaliita kesho kutwa."

"Na nisipokuja kabisa?"

"Basi nitakuwa ninaita tu. Mimi ni mstaafu, sina kazi nyingine."

Bakari alicheka, na kicheko kikageuka kuwa kilio, na mmoja wa walinzi akatazama pembeni akijifanya anatafuta tuktuk. Daktari wa zahanati alipigiwa simu. Alisema apewe kinywaji chake kidogo usiku huo, asikatizwe, na asubuhi apelekwe Msambweni. Alilazwa siku nane. Siku ya tisa alisimama barazani, mweupe kama chokaa, na jina lake lilipoitwa alijibu kwa sauti iliyowashtua ndege.

Ningependa kuandika kwamba yaliishia hapo. Alianguka tena mara mbili. Mara ya pili haikuwa tembo; ilikuwa unga wa heroini, alioonjeshwa na mlinzi mwenzake katika lango la jumba moja la kifahari, wakati ambapo kibuyu chake kilikuwa kimebaki maji matupu na mimi nimekwisha kutoa sadaka ya shukrani. Sajini alikiri mbele ya wote kwamba kwa ugonjwa huo hana mstari wa kukwaruza. Lakini kila asubuhi, baada ya majina, alipanda tuktuk pamoja na Bakari hadi kliniki inayotoa dawa ya methadoni, akaketi kwenye benchi na vijana wenye umri wa wajukuu zake, akingoja ndugu yangu anywe kipimo chake mbele ya muuguzi. Watu waliompita walimdhania kuwa yeye ndiye mgonjwa. Jirani mmoja akaanza kumsema. Sajini alipopata habari alimfuata dukani kwake, akamtolea salamu kamili, akauliza hali ya watoto na ya mbuzi, kisha akamwambia, "Ukiniona kule tena, njoo uketi. Benchi ni refu."

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa katika wodi ya wanaume huko Msambweni. Presha ilikuwa imemwangusha uani, na upande wake wa kushoto ulikuwa mzito. Ndevu zake hazikuwa zimenyolewa, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na chini ya kitanda viatu vyake vilikuwa vimepangwa sambamba, visigino ukutani. Nilifika pamoja na Bakari. Kwa wiki tatu Bakari ndiye aliyekuwa akishika daftari barazani.

Mzee hakungoja hata salamu zetu ziishe.

"Majina?"

"Yote, Sajini. Kumi na wanne. Mmoja alichelewa, tukamfuata kwake, tukamkuta anatafuta soksi."

"La tatu?"

"Nililiita."

"Nani alijibu?"

"Mimi. Nilisema ni juu ya Sajini, na Sajini yuko Msambweni, atarudi."

Mkono wa kulia wa mzee ukaanza kupapasa chini ya mto, na nikajua unatafuta nini kabla haujatoka na kile kikopo cha bati.

"Sajini!" nilisema. "Daktari wa wodi hakukukataza tumbaku?"

"Alinikataza. Alisema niache leo hii, kabisa, nisiguse tena. Alisimama hapo ulipo, akanipa amri."

"Nawe ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ndiyo, daktari." Upande mmoja wa mdomo wake ulitabasamu. "Nilimdanganya, Digrii. Mimi bado nataka kuishi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka hadi akakohoa. Bakari hakucheka. Alikitwaa kile kikopo mkononi mwa mzee, taratibu, kama mtu anayempokea mkubwa wake mzigo. Akatoa msumari mfukoni, ule ule wa barazani, akakifungua kikopo na kukwaruza ndani yake, mstari mmoja, karibu na nusu. Tumbaku iliyozidi mstari aliimimina katika karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni mwake. Mikono yake, nilivyoiangalia, ilikuwa imetulia kabisa.

Sajini alikipokea kikopo, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakikagua kama alivyokuwa akikagua bunduki za watu.

"Hii ni amri, Koplo?"

"Hapana, Sajini. Ni mstari."

"Umeuweka chini mno."

"Ukitetemeka," Bakari akamwambia, "tutaupandisha."